Programu rahisi ya kuhariri sauti nyumbani: nina kanda 11 za barua za marehemu baba

Binti wa Tanga ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninazo kanda 11 za kaseti ambazo marehemu baba yetu alikuwa akituletea kutoka Maskati katika miaka ya 1980, wakati ambapo simu ilikuwa ghali na barua ya sauti ilikabidhiwa msafiri yeyote aliyekuwa akirudi nyumbani. Ndani yake anazungumza na mama, anamjulia hali bibi, anatuusia sisi watoto kuhusu masomo, na katika baadhi yake anasoma mashairi aliyoyatunga mwenyewe. Nyingi ni kanda za dakika 60, mbili ni za dakika 90. Mama yu hai, na ndiye aliyeniomba nizihamishie kwenye simu ili azisikilize bila hofu ya redio kumeza utepe.

Mwaka jana nilipeleka kanda moja kwenye duka la mjini linalofanya kazi hiyo. Nilirudishiwa CD ambayo sauti ya baba inapasuka kila anapoinua sauti, na pale anapozungumza taratibu anasikika kama mtu aliyetumbukia ndani ya mtungi. Niliumia sana, na nimeamua kuifanya kazi hii mwenyewe hata ikinichukua miezi. Nina kompyuta mpakato ya Windows yenye kumbukumbu ya GB 4, redio kaseti inayofanya kazi, na waya wenye pini ndogo pande zote mbili. Sijawahi kuhariri sauti. Natafuta programu ya bure, isiyohitaji intaneti kila wakati, ambayo mtu asiye fundi anaweza kuimudu: kurekodi, kukata sehemu zilizo kimya, kupunguza mvumo wa kanda, na kugawa kila barua iwe faili lake. Nianze na ipi?

Mwalimu wa Kompyuta amejibu:

Wa alaykum salaam dada, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Kwa mahitaji uliyoyataja ningekushauri Audacity. Ni ya bure kabisa, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaisakinisha haihitaji intaneti. Ipakue kutoka audacityteam.org na si kwenye tovuti nyingine, kwa sababu ukiitafuta ovyo unaweza kuangukia kurasa zinazokubandikia programu usizozihitaji.

Audacity ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2000. Umri huo una faida na hasara kwako. Faida ni kwamba karibu kila swali utakalokuwa nalo limekwisha kujibiwa mahali fulani. Hasara ni kwamba mengi ya majibu hayo yamepitwa na wakati. Utasoma, kwa mfano, kwamba ili upate MP3 ni lazima upakue kijalizo kiitwacho LAME. Siku hizi kimo ndani tayari. Utasoma pia kwamba kila kazi ina faili la aup pamoja na folda ya data ambavyo havitakiwi kutenganishwa. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021 vyote vimekuwa faili moja la aup3.

Hilo la aup3 nakuomba ulishike vizuri, maana ndilo linalowakwaza wanafunzi wangu karibu wote. Ukibofya kuhifadhi, unachopata ni faili la kazi, ambalo Audacity pekee ndiyo inayolifungua. Ukimtumia mama faili hilo, simu yake haitalitambua. Ili upate sauti inayosikika popote, tumia amri ya Export, kisha uchague WAV (sauti kamili isiyobanwa) au MP3 (sauti iliyobanwa iwe ndogo). Utaratibu wangu ni kutoa WAV mara tu baada ya kurekodi, kabla ya kugusa chochote, na kuiweka mahali salama. Nakala hiyo haihaririwi kamwe. MP3 hutolewa mwishoni kabisa, kwa sababu inapunguza ukubwa kwa kutupa sehemu ya sauti, na kila unapoifungua, ukaihariri na kuihifadhi tena kuwa MP3, sehemu nyingine hupotea.

Kuhusu nafasi, sauti ya stirio kwa kiwango cha CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, inachukua takriban MB 10 kwa dakika, hivyo kanda ya dakika 60 ni kama MB 600. Ukirekodi kwa mono, yaani mkondo mmoja wa sauti badala ya miwili ya stirio, ambayo inatosha kabisa kwa sauti ya mtu mmoja, unapata nusu ya hapo. MP3 ya 128 kbps ni karibu MB 1 kwa dakika.

Kupunguza mvumo kunafanyika kwa hatua mbili, na watu wengi husahau ya kwanza. Tafuta sekunde moja au mbili ambapo baba hajaanza kuzungumza na kanda pekee ndiyo inayosikika, zichague, fungua Noise Reduction na ubofye Get Noise Profile. Hapo programu imejifunza mvumo ulivyo. Kisha chagua rekodi nzima, rudi palepale, na uruhusu kazi ifanyike. Anza na kupunguza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Ile sauti ya mtungini uliyoletewa, kwa maelezo yako, inafanana sana na matokeo ya mtu aliyevuta kipimo hicho hadi mwisho.

Kugawa barua ni rahisi: weka kishale pale barua inapoanza, bonyeza Ctrl na B, andika jina. Ukimaliza, amri ya kutoa mafaili mengi kwa pamoja itafuata alama hizo, na kila faili litapata jina uliloandika.

Sauti ya Pwani amejibu:

Namheshimu mwalimu, lakini sikubaliani naye kwamba Audacity ndiyo ya kuanzia kwa mtu ambaye hajawahi kuhariri hata mara moja. Ukiifungua unakutana na vitufe vingi kuliko unavyohitaji, kwa kuwa imejengwa pia kwa ajili ya kupanga sauti nyingi juu kwa juu. Dada hana haja hiyo. Ana sauti moja tu anayotaka kuikata na kuisafisha.

Mimi natumia ocenaudio, iliyotengenezwa Brazil. Nayo ni ya bure, ni nyepesi kwa kompyuta ndogo, na inafungua faili moja kama vile mtu anavyofungua waraka. Ubora wake mkubwa kwa mgeni ni kwamba unaposogeza kipimo cha athari yoyote unasikia mabadiliko papo hapo, kabla hujakubali. Sikio linaamua, wala huhitaji kuelewa maana ya kila namba. Haina uwezo wa kupanga njia nyingi za sauti kwa pamoja, lakini kwa barua za kaseti hutaukosa uwezo huo.

Na ikiwa baadaye utataka kufupisha MP3 ambayo tayari unayo, kwa mfano kuondoa dakika mbili za kimya mwishoni, ipo programu ndogo ya Windows iitwayo mp3DirectCut. Inakata bila kuibana upya sauti iliyobaki, kwa hiyo upotevu alioutaja mwalimu hautokei.

Mzee wa Mitambo amejibu:

Mwanangu, vijana wamekupa programu mbili nzuri, na yoyote utakayoichagua itakufaa. Mimi nimetengeneza redio kwa miaka mingi, na ninachotaka kukuambia ni kwamba kazi yako itaharibika au kufaulu kabla hujafungua programu.

Kwanza, angalia mgongo wa kila kanda. Kuna vijino viwili vya plastiki. Kama bado vipo, vivunje leo hii. Kanda isiyo na vijino hivyo redio haiwezi kurekodi juu yake hata ukikosea kitufe. Pili, kabla ya kuicheza, peleka utepe mbele hadi mwisho na uurudishe, kwa sababu kanda iliyolala miaka 30 na zaidi huwa imegandamana na ndiyo inayomezwa. Angalia pia kama kile kipande cha sponji kilicho katikati, kinachokandamiza utepe kwenye hedi (kile kichwa cha redio kinachosoma utepe), bado kimeshika. Kikiwa kimedondoka, usiicheze. Mpelekee fundi aihamishie kwenye ganda jingine. Tatu, safisha hedi ya redio kwa pamba na spiriti, uache ikauke. Hedi chafu inafifisha sauti nyembamba, na hakuna programu itakayokurudishia kile ambacho hedi haikukisoma.

Sasa waya wako. Kompyuta mpakato nyingi siku hizi zina tundu moja tu, la vipokea sauti na maikrofoni kwa pamoja, na waya wako wa kawaida hautapeleka sauti ndani yake. Nunua kile kifaa kidogo cha USB chenye matundu mawili, moja la maikrofoni na moja la vipokea sauti. Ingiza waya kutoka tundu la vipokea sauti la redio hadi tundu la maikrofoni la kifaa hicho. Tundu hilo limetengenezwa kwa sauti dhaifu, hivyo anza na redio ikiwa chini kabisa, kisha upandishe polepole huku ukitazama kipimo kwenye programu. Tafuta mahali katika kanda ambapo baba anazungumza kwa nguvu kuliko kwingine kote, na uhakikishe kwamba hata hapo mshale unakomea karibu na desibeli -6. Ukigusa 0, kilele cha wimbi kinakatwa, na ule ndio mpasuko uliousikia kwenye CD yako. Mvumo unaweza kupunguzwa baadaye. Mpasuko hauondoki vizuri.

Mambo mawili madogo: ukisikia ngurumo nzito isiyokoma, chomoa chaja ya kompyuta uone kama inatoweka, maana mara nyingi inatoka kwenye umeme. Na katika mipangilio ya sauti ya Windows, zima vile vinavyoitwa viboreshaji vya sauti, kwani vimekusudiwa mazungumzo ya simu na vinaweza kupandisha na kushusha sauti ya kanda bila ruhusa yako.

Binti wa Tanga ameandika:

Shikamoo mzee wangu, na nawashukuru mwalimu na ndugu yangu wa Pwani. Vijino nimevivunja jana usiku, kanda zote 11. Kifaa cha USB nimeagiza.

Nina swali moja. Kaka yangu anasema nisijisumbue, kwamba zipo tovuti ambazo unapakia sauti na akili bandia inaisafisha kwa dakika chache. Je, ni kweli, na zinafaa?

Mwalimu wa Kompyuta amejibu:

Ni kweli kwamba zipo, na kwa mahojiano yaliyorekodiwa katika chumba chenye mwangwi zinafanya kazi ya kushangaza. Kwa barua zako nina pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba unakabidhi maneno ya faragha ya wazazi wako kwa kompyuta ya kampuni usiyoijua. Audacity na ocenaudio zinahariri ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Audacity ilipochukuliwa na Muse Group palizuka mjadala mkali kuhusu taarifa za watumiaji, lakini hata mjadala ule haukuhusu rekodi zenyewe kupelekwa popote, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua.

Ya pili ni nzito zaidi. Zana hizo zimefunzwa kubakiza sauti ya msemaji na kufuta kila kitu kingine, na pale zinaposhindwa kusikia neno vizuri zinaweza kulijenga upya kwa kukisia. Sidhani kama mama anataka kumsikia baba aliyekisiwa.

Mzee wa Mitambo amejibu:

Marahaba mwanangu. Naongeza hapo alipoishia mwalimu. Kabla hujapunguza mvumo, kaa na mama msikilize ile nakala isiyoguswa, umuulize ni zipi kelele na ni zipi si kelele. Katika kanda za namna hii husikika pangaboi, watu wa chumba kimoja wakicheka, gari nje. Programu haiwezi kutofautisha pangaboi na mvumo wa kanda, kwa kuwa vyote viwili vinaendelea bila kubadilika. Wewe na mama mnaweza.

Binti wa Tanga ameandika, baada ya wiki mbili:

Natoa taarifa kwa sababu mlijitolea muda wenu. Kanda ya kwanza imekamilika. Nilijaribu programu zote mbili: nimerekodi na kugawa kwa Audacity, kwa kuwa zile alama za Ctrl na B zimeniokolea kazi kubwa, lakini kupunguza mvumo nimekufanya kwa ocenaudio, kwa sababu nilimvalisha mama vipokea sauti nikawa nasogeza kipimo taratibu, naye akawa ananiambia niendelee au nisimame. Alinisimamisha mapema sana, mvumo ukiwa bado unasikika. Alisema nikizidi hapo, baba anaonekana kuwa mbali.

Upande wa pili, karibu na dakika ya 20, pangaboi linazimwa, inasikika adhana kutoka nje, na baba ananyamaza mpaka inapoisha ndipo anaendelea. Mwanzoni nilipanga kuikata sehemu ile kwa kuwa hasemi neno. Mama amekataa, na ameomba iwe faili peke yake. Nimeipa jina Maghribi, Maskati.

Mzee, kanda ya nne ina ile sponji iliyodondoka. Nimeiweka kando kama ulivyoniagiza, na Jumamosi naipeleka kwa fundi. Nitasimama palepale mpaka amalize.