Vodka ya vanila ya nyumbani: kwa nini yangu haina harufu?

Mkazi wa Ntinda

Ndugu zangu, naomba msaada wa wanaoijua kazi hii. Mwezi ujao dada yangu anaalika wageni kumi na wawili, wote watu wazima, naye ameniomba niwaandalie kokteli tamu ya vodka yenye ladha ya vanila. Mara ya kwanza nilitumia arki ya vanila ya dukani pamoja na soda na sukari. Kinywaji kikawa kitamu kupita kiasi, tena kikaacha uchungu wa dawa kooni. Mara ya pili shemeji aliniletea kutoka Mukono, hapa Uganda, maganda sita ya vanila ya kijani, yaliyochumwa siku hiyo hiyo, nami nikayapasua na kuyaroweka katika chupa nzima ya vodka kwa majuma mawili. Harufu niliyoipata ni ya majani mabichi. Nimekosea wapi, na vipimo vya glasi moja ni vipi?

Mkulima wa Kayunga

Ndugu, kuroweka ulikuroweka vizuri, ila ulichokiroweka kilikuwa hakijawa vanila bado. Ganda la kijani halina ile harufu tunayoijua, kwa sababu vanilini yake, yaani kemikali inayotoa harufu hiyo, imefungamana na sukari, nayo hufunguliwa na vimeng'enya (protini zinazochochea mabadiliko ya kikemia) vya ganda lenyewe wakati wa kulikausha. Sisi huyatumbukiza maganda kwa dakika chache katika maji ya moto yapatayo nyuzi 60 na kidogo, yasiyochemka, kisha tunayafunga katika mablanketi yakiwa na joto lake ili yatoe jasho. Baada ya hapo huanikwa juani saa chache kila siku na kufunikwa tena, majuma kadhaa, halafu huhifadhiwa sandukuni kwa miezi mpaka yawe meusi kama kahawa iliyokaangwa, laini, yenye mafuta kidogo.

Na kabla ya hayo yote, kila ua limechavushwa kwa mkono, kwa kijiti, asubuhi ile ile lilipochanua, kwa njia aliyoionyesha Edmond Albius mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion, akiwa mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa. Ganda hukaa kwenye mmea miezi tisa hivi ndipo likomae. Wengi huku huvuna mapema kwa kuogopa wezi, jambo linaloniuma sana, kwa kuwa ganda changa hata likikaushwa kwa ustadi halitoi harufu ya kutosha; ndiyo maana serikali hutangaza tarehe za kuanza kuvuna. Mwombe shemeji akutafutie maganda yaliyokwisha kukaushwa. Lizungushe moja kwenye kidole: likijikunja bila kuvunjika, na mkono ukabaki unanukia, hilo ni zuri.

Mhudumu wa baa, Jinja

Mzee wa Kayunga amemaliza upande wa shamba. Mimi niseme ya glasi. Vodka huchaguliwa kwa sababu haina ladha kubwa ya kushindana na vanila, na pombe yake ya asilimia 40 huivuta vanilini vizuri kuliko maji matupu. Kwa wageni kumi na wawili chukua mililita 700 za vodka na maganda manne. Yapasue kwa urefu, ukwangue mbegu zake kwa mgongo wa kisu, utie vyote katika chupa safi yenye kifuniko cha kukaza, uiweke kabatini penye giza na kuitikisa mara moja kwa siku. Anza kuonja siku ya tatu. Kwangu mimi siku tano hadi saba hutosha, kwani ikizidi sana huanza kuingia ladha ya mti. Chuja kwa kitambaa, lakini maganda usiyatupe: yatie katika shira ya gramu 200 za sukari na mililita 200 za maji, upashe moto hadi sukari iyeyuke, kisha uache ipoe kabisa.

Glasi moja ni mililita 50 za vodka hiyo, 20 za shira, 20 za maji ya ndimu na pasheni moja iliyokamuliwa. Tikisa pamoja na barafu nyingi kwa sekunde kumi na tano, kwa nguvu, kisha uchuje. Barafu haipoozi tu; maji yanayoyeyuka hulainisha ukali wa pombe, kwa hiyo usiifupishe hatua hiyo. Kuhusu utamu, vanila hudanganya ulimi: harufu yake peke yake humfanya mtu ahisi sukari, na ndiyo maana ulipoijumlisha na soda kinywaji kikakushinda. Ndimu ndiyo inayokisimamisha. Waeleze wageni pia kwamba kila glasi ina kiasi kamili cha pombe kali hata kama haisikiki, na anayeendesha gari mpe pasheni na shira bila vodka.

Mama wa Fort Portal

Je, naweza kuweka malai badala ya pasheni? Na waragi, pombe kali ya huku Uganda, inafaa mahali pa vodka?

Mhudumu wa baa, Jinja

Mama, malai yanafaa, lakini ndimu uiache kabisa, kwa sababu ukali wake huyagandisha. Tia kahawa iliyopoa kidogo ndiyo ikate utamu. Waragi ya chupa yenye leseni ina ladha yake ya viungo kama ile pombe kali iitwayo jini (gin), hivyo vanila itasikika kwa mbali. Ile inayokenekwa vijijini bila kupimwa usiiguse: mwaka 2010 watu wengi walikufa Kabale kwa waragi iliyokuwa na methanoli, aina ya pombe yenye sumu, na hakuna ulimi unaoweza kuitambua.

Mkazi wa Ntinda

Nawashukuru nyote kwa moyo. Leo shemeji amenipatia maganda manne meusi, yanajikunja kama alivyosema Mzee, na jikoni kote kunanukia. Nimeyatia katika vodka jioni hii, Alhamisi nitaonja.