Chatu wa mwanangu ana siku 19 hajala, nifanyeje?

Mama Kisauni

Wanajamvi, asalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Minneapolis na mwanangu wa miaka 14. Jirani yetu amehamia jengo lisiloruhusu wanyama, akamwachia kijana chatu wake pamoja na tangi la kioo na taa ya joto. Ni yule chatu mdogo anayejikunja kama mpira, dume, umri miaka minne kwa maelezo ya jirani. Kijana amempa jina Chapati, maana akijiviringa anafanana kabisa na donge la chapati kabla halijasukumwa.

Nimekulia nyumba ambayo nyoka akionekana, watu hukimbilia fimbo. Usiku wa kwanza sikupata usingizi. Lakini kila usiku nikiamka namtazama, na kusema kweli nimeanza kumhurumia. Leo ni siku ya 19 na hajatia kitu mdomoni. Jirani alisema anakula panya mmoja kila wiki mbili. Sisi tumempa mara nne, anageuza kichwa. Mchana kutwa amejibana nyuma ya gogo, kichwa kakificha katikati ya mwili. Juzi kijana alipomnyanyua alitoa sauti kama gurudumu linalotoka upepo. Humtoa kila jioni, na marafiki zake wa shule nao huja kumshika.

Huyu ni amana kwangu. Sitaki afie mikononi mwangu. Nakosea wapi?

Jirani Mwema

Pole dada. Mimi niko Nairobi, na huku huwezi kufuga chatu bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwa hiyo sina uzoefu. Ila nina hofu na huyo mtoto. Hana sumu? Kama hali ni hii si bora mkamwachilie msituni?

Mlezi wa Chatu

Jirani Mwema, chatu hawana sumu, huua windo kwa kulibana. Huyu wa dada hukua mpaka mita moja na kidogo, mara chache mita moja na nusu, hawezi kumdhuru kijana wa miaka 14. Na kumwachilia Minnesota wakati wa baridi ni kumuua. Asili yake ni nyanda za Afrika Magharibi na Kati, kuanzia Senegali mpaka Uganda, nchi ya joto. Huko mchana hulala ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, hutoka usiku.

Mama Kisauni, hapo ndipo pa kuanzia. Chapati anatafuta shimo na hajalipata. Tangi la kioo lililo wazi pande zote, gogo moja, mikono mipya kila jioni: kwake yeye ni kama amewekwa katikati ya uwanja. Nimefuga chatu wa aina hii kwa miaka tisa hapa Toronto, na karibu kila mgeni aliyegoma kula kwangu alikuwa na hofu au baridi. Kabla sijasema zaidi nipe vipimo: joto la upande wenye taa, joto la upande wa pili, unyevu wa hewa, na uzito wake. Mizani ya jikoni inatosha, mweke kwenye bakuli lenye mfuniko. Kisha mrudishe, na kuanzia hapo asiguswe.

Mama Kisauni

Ahsante sana kaka. Nimenunua vipimo viwili leo. Chini ya taa ni nyuzi 27, upande wa dirishani nyuzi 20. Unyevu asilimia 21. Uzito gramu 640. Taa haina kidhibiti, tunaizima tukienda kulala kwa sababu mwanga unamsumbua.

Mlezi wa Chatu

Basi tumempata mchawi, tena wako wawili.

Upande wa joto unatakiwa nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa baridi 24 hadi 27. Nyoka hana joto la mwili la kwake, analichukua mahali alipo, na akipoa tumbo lake haliwezi kusaga chakula. Hata angekula kwenye nyuzi 20 pengine angetapika. Kwa hiyo anapokataa anajilinda. Ondoa tangi dirishani leo hii, lipeleke kwenye ukuta wa ndani. Badilisha taa uweke kipashajoto cha kauri, kile kisichotoa mwanga, kiwake usiku na mchana. Na usikiwashe bila themostati, yaani kidhibiti cha joto. Nimewahi kumwona chatu aliyeungua mgongo kwa sababu mwenyewe aliona kidhibiti ni gharama, jeraha lilichukua miezi.

Unyevu wa 21 ni jangwa. Anahitaji 55 mpaka 65. Majira ya baridi mitambo ya kupasha nyumba joto hukausha hewa, na wavu wa juu ya tangi unatoa unyevu wote. Funika sehemu kubwa ya wavu kwa karatasi ya foili, acha nafasi ya kipashajoto na ya hewa. Chini tandika chenga za makumbi ya nazi, wewe mtu wa pwani unayajua, huku yanauzwa maduka ya wanyama. Yamwagie maji pembezoni, yawe na unyevu chini na juu pakavu. Usitumie randa za msonobari wala mierezi, harufu yake inadhuru mapafu.

Maficho yawe mawili, moja kila upande, yanayofanana, yenye mlango mdogo, na yawe yanambana. Watu hununua pango kubwa la kupendeza; chatu anataka kuta zimguse mgongo. Kama leo huna, toboa maboksi mawili madogo ya karatasi ngumu. Ukiweka ficho moja tu unamlazimisha achague kati ya joto na usalama, na siku zote atachagua usalama. Ziba kwa karatasi nyeusi pande tatu za kioo.

Halafu ziwe wiki mbili bila kuguswa na mtu yeyote. Maji yabadilishwe, kinyesi kitolewe, basi.

Kijana wa Mjini

Mkuu mnamzungusha mama wa watu. Mtupieni panya hai humo ndani, njaa ikimshika atakula mwenyewe.

Msaidizi wa Daktari

Hapana, tafadhali. Nafanya kazi kliniki ya wanyama, na tumeshona chatu waliotafunwa na panya mpaka mfupa kuonekana. Nyoka mwenye hofu hajitetei, anajikunja tu. Panya wa kugandishwa ni salama zaidi kwa wote wawili.

Mama Kisauni, dume wa gramu 640 aliye na mwili mzuri hafi kwa siku 19. Chatu wa aina hii waliokomaa huweza kukaa miezi bila kula, hasa majira ya baridi. Mpime kila wiki mbili na uandike. Akipoteza asilimia 10 ya uzito, yaani akishuka chini ya gramu 576, au ukimsikia anakoroma, ukaona povu mdomoni, au vidoa vyeusi vinavyotembea kwenye magamba na bakuli la maji (huo ni utitiri), usisubiri, mpelekeni kwa daktari anayejua reptilia, yaani wanyama watambaao kama nyoka. Na kila anayegusa nyoka au tangi aoshe mikono kwa sabuni, kwani reptilia hubeba salmonela, vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa kuhara. Vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni.

Msukuma wa Kisesa

Nimesoma uzi huu kwa furaha. Kwetu Usukumani chatu huchezwa ngoma, na wanaojua kazi hawamshiki mnyama aliyekasirika. Humwacha kwenye kikapu chake, gizani, mpaka atulie. Mwambie kijana subira si adhabu.

Mama Kisauni

Wapendwa, ni siku ya tisa tangu tubadilishe. Joto 32 na 25, unyevu 58. Kijana alilia kidogo nilipowakataza marafiki zake, sasa anawaonyesha picha. Leo nimepata hofu mpya: macho ya Chapati yamekuwa ya buluu yenye ukungu na ngozi imepauka. Amekuwa kipofu?

Mlezi wa Chatu

La, anataka kujivua gamba! Maji yanaingia kati ya ngozi ya zamani na mpya, ndiyo maana macho yana ukungu. Siku hizi haoni vizuri na wengi hawali, kwa hiyo usimpe chakula. Macho yatarudi safi, na siku chache baadaye atavua. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko, toboa mlango, tandika taulo yenye unyevu ndani. Gamba likitoka vipande usibandue kwa kucha, hasa la machoni.

Akimaliza, acha siku mbili tatu. Panya awe wa gramu 40 hadi 60. Aliyegandishwa ayeyuke kwenye friji usiku kucha, kisha umtie ndani ya mfuko na kumzamisha kwenye maji ya moto mpaka awe na joto kama la mwili wa binadamu. Mikrowevu usiitumie kamwe. Chatu ana vijitundu mdomoni vinavyohisi joto, kwake panya baridi si windo. Zima taa, mshike panya kwa kibano kirefu, mpitishe polepole mbele ya ficho. Akikataa, mwache hapo mlangoni mtoke chumbani. Asubuhi kama yupo, mtupe, na msijaribu tena mpaka wiki ipite. Ile mara nne kwa siku 19 ilimchosha.

Mama Kisauni

Gamba lilitoka Jumanne, vipande vitatu, macho yote safi. Jana saa nne usiku tulizima taa. Akamnusa panya kwa ulimi muda mrefu sana, mimi nikiwa nimemshika kijana bega. Kisha akamdaka na kumzungushia mwili mara moja. Wanajamvi, nilitokwa na machozi. Uzito kabla ya kula ulikuwa gramu 618, kijana ameandika kwenye daftari lake la hesabu.

Swali la mwisho: aguswe lini?

Mlezi wa Chatu

Alhamdulillahi! Ziishe saa 48 kamili, asije akatapika. Mimi ningengoja ale tena mara moja au mbili. Kisha kijana peke yake, dakika kumi, mikono iingie kutoka ubavuni, isitoke juu kama mwewe.

Mama Kisauni

Tumesikia. Nimebandika karatasi kwenye tangi: "Usiguse mpaka mlo wa tatu." Kijana ameichora chapati pembeni.