Mrejesho: uvimbe wa titi la dada yangu

Habari zenu wapendwa. Niliwauliza kuhusu dada yangu, ambaye uvimbe wake wa titi ulikua kutoka ukubwa wa yai hadi wa ngumi ndani ya miezi 3, huku kipimo cha sindano nyembamba kikisema ni fibroadenoma tu, yaani uvimbe usio saratani.

Wengi mlisema tusiridhike, tuombe biopsi ya sindano nene, yaani kukata kipande cha uvimbe kipimwe. Tuliomba. Jibu likaja: uvimbe wa filodesi (aina adimu ya uvimbe wa titi), bila kusema ni saratani au la. Hilo lilijulikana baada ya upasuaji, maabara ilipouchunguza wote. Ni saratani.

Kwenye upasuaji huo ndipo tulipokosea. Uvimbe ulitolewa peke yake, na kingo zikakutwa bado zina seli za saratani. Yule aliyesisitiza utoke na angalau sentimita 1 ya nyama yenye afya kuuzunguka, nisamehe, nilichelewa kukusikiliza. Dada alirudi kupasuliwa, safari hii titi lote likatolewa. Tezi za kwapani waliziacha, maana aina hii husambaa zaidi kwa njia ya damu, hasa kwenda mapafuni. Siti skani (kipimo cha picha) ya kifua haikuonyesha kitu. Mionzi amemaliza, vidonge vya homoni hakupewa, kwani aina hii haviisaidii.

Mkono bado anaunyanyua kwa shida. Jana alinishika kidole, akakipitisha taratibu juu ya kovu: "Gusa, hapa ni laini." Nililia. Asanteni sana, kila mmoja wenu. Kliniki inayofuata ni baada ya miezi 3.