Tupeane uzoefu: ulianzaje kukataa michango ya harusi ili pesa na muda wako viende unakoamini?

Mwana wa Kihesa
Wakuu, habari za jioni. Leo nimeungwa kwenye kundi jingine la WhatsApp la harusi. Sijasalimia mtu, jina langu tayari liko kwenye orodha na pembeni pameandikwa "ahadi", panasubiri tarakimu. Bajeti milioni 28: ukumbi, MC, mapambo, vinywaji, gari la maharusi. Bwana harusi nilionana naye mara ya mwisho akiwa darasa la tano.

Mimi ni mwalimu. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, PSSSF, yaani mfuko wa pensheni, asilimia 5, kodi nayo ipo. Mama yuko Iringa anameza dawa za presha kila siku ya Mungu, na mdogo wangu yuko chuo cha uuguzi. Nikisema nampenda mama halafu dawa zinakatika kwa sababu nimelipa kadi ya "double", ya watu wawili, upendo huo uko wapi? Nimeamua: dawa kwanza, ada pili, na Jumapili jioni ni ya kwaya, sio ya vikao. Waliowahi kusimama hivi, ndugu waliwapokeaje?

Mama Wawili
Mwalimu umenigusa. Nilijitoa makundi yote nikabaki na la familia. Usingizi umerudi.

Chuma cha Ugweno
Jitoeni tu. Siku ya msiba mtabeba jeneza na hiyo kwaya.

Mama Wawili
Chuma, msiba siachi kwenda hata iweje. Nakesha, naosha vyombo, natoa rambirambi. Msiba ni msiba. Keki ya ngazi tano ni kitu kingine.

Chuma cha Ugweno
Kwetu watu ni wale wale, dada. Aliyekunyima harusini ndiye utakayemtafuta ukiwa na shida.

Dada Hazina
Hapo kwa Chuma ndipo kumbukumbu imenirudia, naomba mnivumilie ni ndefu.

Nilikuwa mweka hazina wa harusi ya mdogo wangu wa kiume. Vikao kila Jumapili kwenye baa moja huko Mbagala, tunaanza saa kumi tunatoka saa nne usiku, bia na nyama vinalipwa kwa pesa hiyo hiyo ya mchango. Tangazo la tatu lilishasomwa kanisani. Mkononi nina milioni kumi na kitu, na mwenye ukumbi anadai salio lake.

Wiki ya harusi baba akaanguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia wote umelala, maneno hayatoki. Bima hana. Hospitali tuliyokimbilia ikataka malipo ya awali, na vipimo vya kichwa kila kimoja na bei yake. Nikaandika kundini: jamani, baba wa bwana harusi yuko wodini, naomba tusaidiane. Kundi lililojaa watu, waliotuma walikuwa wachache, wengi waliweka vile vikaragosi vya mikono ya kusali.

Nikamwita bwana harusi nje ya wodi nikamuuliza, ukumbi au baba? Akalia. Akasema, dada lipa hospitali. Nikalipa palepale. Usiku nikaandika kila shilingi kundini pamoja na picha za risiti. Weee! Mwenyekiti akajitoa. Makamu akajitoa. Mjumbe mmoja akaja mpaka wodini, baba yuko kwenye dripu, anadai laki mbili zake kwa sauti, wagonjwa wa jirani wanageuka kututazama.

Jumamosi ile ile walifunga ndoa, misa ya asubuhi, tukala pilau nyumbani kwa mama. Ukumbi ulibaki na malipo yetu ya awali. Sijawahi kuona pesa iliyokwenda mahali pake kama ile.

Fundi Bomba
Dada, mzee yupo?

Mama Wawili
Machozi yananitoka. Na yule wa laki mbili alilipwa?

Dada Hazina
Mzee yupo, anatembea na fimbo, mkono wa kulia bado mzito, tunaendelea na mazoezi. Wa laki mbili alilipwa: bwana harusi aliuza simu. Hajasalimiana naye tena.

Msema Kweli wa Tandika
Pole dada, lakini niseme. Pesa ya watu ni amana. Walitoa kwa ajili ya harusi. Ulitakiwa uwaulize kabla, sio kuwapa taarifa usiku.

Fundi Bomba
Mzee amelala nusu mwili, wewe unataka aitishe kikao?

Msema Kweli wa Tandika
Ujumbe mmoja tu kundini, dakika tano. Leo ni baba, kesho mweka hazina mwingine atasema ni dharura kumbe anajenga. Uaminifu nao ni thamani, au siku hizi tunahesabu huruma peke yake?

Dada Hazina
Hoja yako naielewa, kaka. Daktari alikuwa anasubiri risiti, nami nilitaka baba apone. Ningelipa tena.

Shemeji wa Chanika
Turudi kwa mwalimu. Sisi tulifunga bomani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mtoe taarifa siku 21 kabla, mje na mashahidi wenu. Pesa ya ukumbi ikanunua kiwanja. Mama mkwe alinuna mpaka mjukuu alipozaliwa.

Bint Salim
Kwetu nikahi msikitini baada ya Alasiri, mahari, na walima, karamu ya ndoa, wa uwezo wako. Tatizo tumeanza kuiga mapambo ya watu.

Mkenya wa Nakuru
Huku nako harambee haziishi. Mimi natoa karo na bili ya hospitali pekee, na watu wameshajua. Miaka ya kwanza nilisemwa sana.

Fundi Bomba
Mwalimu, mshahara ukiingia peleka UTT, kwenye uwekezaji wa pamoja, ununue vipande siku hiyo hiyo, Mfuko wao wa Umoja upo tangu 2005. Wakikuuliza, pesa haipo, na hujadanganya.

Mama Wawili
Usimsikilize, weka na akiba ya karibu. Dawa za presha hazingoji urudishiwe pesa ya vipande vyako.

Mpishi wa Harusi
Toa nguvu. Mimi nasimamia sufuria kuanzia alfajiri, ahadi sitoi, na hakuna aliyewahi kuninunia.

Chuma cha Ugweno
Toa elfu hamsini mapema, watakuacha. Ukikataa kabisa ndiyo wanakuandama.

Msema Kweli wa Tandika
Kila kamati iandike siku ya kwanza: likitokea la ugonjwa au kifo kwa wazazi wa maharusi, pesa inaruhusiwa kwenda huko. Anayekataa asichangie.

Dada Hazina
Hapo tuko pamoja, kaka.

Mwana wa Kihesa
Nimeshakiandika kundini hicho kipengele, na ahadi yangu elfu ishirini, imeshalipwa. Mwenyekiti anasema nije nikitetee kikaoni Jumapili. Nimemjibu niko kwaya, wakijadili bila mimi.