Mrejesho: Kozi ya istilahi za kitabibu kwa njia ya mtandao

Wiki kadhaa zilizopita niliuliza iwapo mtu asiye na msingi wa biolojia anaweza kumudu kozi ya chuo ya istilahi za kitabibu inayofundishwa mtandaoni, na wengi wenu mlinishauri niache kukariri maneno mazima, nijifunze kwanza vipande vyake vya Kigiriki na Kilatini. Ushauri huo umenifaa kuliko video za kozi yenyewe. Nilipofahamu kwamba kiishio "-itisi" huashiria kuvimba kwa kiungo, kwamba "hepati-" ni ini na "gastri-" ni tumbo la chakula, maneno hepatitisi na gastritisi yalijieleza yenyewe.

Kikwazo kilichobaki ni jozi zinazofanana. "Haipa-" ni kuzidi na "haipo-" ni kupungua, hivyo herufi moja hutenganisha shinikizo la juu la damu na la chini. Ileamu ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ilhali iliamu ni sehemu ya juu ya mfupa wa nyonga, na yakitamkwa kwa Kiingereza hayatofautiani masikioni hata kidogo. Hayo nayaandika kwa mkono kila jioni. Jaribio la kwanza nimefaulu, ingawa si kwa alama za kujivunia.