Mjadala: Anayeleta vyakula mlangoni ana haki ya kudai kitambulisho?

Mwalimu mstaafu, Shella, Malindi

Assalamu alaykum, na wasiokuwa Waislamu pia nawasalimu. Naleta swali ambalo limenikaa moyoni tangu Alhamisi iliyopita, nami naomba tulijadili kwa hoja. Je, kijana wa bodaboda anayeleta vyakula nyumbani ana haki ya kumtaka mpokeaji athibitishe umri wake? Na kama anayo, haki hiyo inaishia wapi?

Tukio lenyewe ni hili. Niliagiza kwa simu, kutoka supamaketi moja ya hapa mjini, pakiti mbili za unga wa ngano, mchele, mafuta ya kupikia, sabuni ya kufulia, na chupa mbili za siki nyekundu kwa ajili ya achari ya harusi ya mpwa wangu. Nikalipa kwa M-Pesa kabla mzigo haujatoka. Kijana alipofika, wazee walikuwa wamekaa barazani kwa jirani wakingojea adhana ya alasiri. Akasema kwa sauti iliyowafikia wote: "Mama, kwenye mzigo wako kuna kileo, naomba kitambulisho." Nina miaka 61, na nyumba yangu haijawahi kuingia kileo. Tulipofungua mfuko pamoja, ilibainika kwamba siki ile, kwa kuwa imetengenezwa kutokana na divai na chupa yake imeandikwa hivyo, dukani imeorodheshwa katika kundi moja na mvinyo. Siki, ambayo Mtume (s.a.w.) aliisifu kuwa ni kitoweo chema! Nilimwonyesha kitambulisho ili yaishe. Hapo akatoa simu yake mwenyewe, akakipiga picha mbele na nyuma, akaniomba nikishike karibu na uso apige picha ya tatu, kisha akawasha pikipiki akaenda zake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kuuliza umri ni haki, kwa sababu Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wengi bado wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inakataza kumuuzia kileo mtu aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza vivyo hivyo kwa sigara. Biashara ikihamia mlangoni pa mtu, sheria nayo huifuata. Ninachokipinga ni kunakili. Hapa Kenya kitambulisho hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Kwa hiyo kukiona tu mkononi mwangu, na sura yangu ikalingana na picha iliyomo, ni ushahidi uliokamilika. Namba yake, mahali nilipozaliwa na alama ya kidole changu havimwambii kijana lolote zaidi kuhusu umri wangu. Namba hiyo ndiyo niliyosajilia laini ya simu, na laini hiyo ndiyo inayobeba akiba yangu.

Mwendesha bodaboda, Maweni

Shikamoo Mwalimu. Si mimi niliyekuja kwako, lakini kazi yangu ni hiyo hiyo, na nimeona vyema upande wetu usikike.

Sisi hatujaajiriwa na duka. Tunalipwa kwa safari. Tukipewa mzigo wenye chupa au sigara, tunaambiwa tusiukabidhi mpaka tumepiga picha ya kitambulisho na kuituma kwa msimamizi, na mteja akikataa, tunarudisha mzigo mzima, wala safari hiyo hailipwi, ingawa petroli imekwisha kuteketea. Nimewahi kufika kwenye geti moja huku njia ya Casuarina, akanifungulia mtoto wa kiume ambaye sidhani kama alikuwa amefika miaka 13, akanyoosha mikono apokee katoni ya bia, akisema baba amelala. Nikakataa. Nilisimama juani karibu nusu saa, hadi baba mwenyewe akatoka akiwa amevaa kikoi, akanitukana mbele ya mwanawe kwa kumsumbua usingizini. Kumbe angekuwa askari amesimama pale, ningekamatwa mimi kwanza. Picha ile, Mwalimu, ndiyo ngao pekee niliyo nayo. Sisemi ni sawa. Nasema msitulaumu sisi kwa jambo ambalo hatukulipanga.

Mama wa vijana watatu, Muyeye

Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini naona unalijadili tawi ukauacha mzizi. Mimi nauliza: kwa nini kileo kiletwe nyumbani kabisa?

Mwanangu wa pili, akiwa na miaka 16, alichukua simu yangu usiku nikiwa nimelala, akaagiza viazi, mayai na chupa ndogo ya vodka, kisha akafuta ujumbe wa malipo. Mzigo ulipokuja asubuhi, aliyeupokea ni dada wa kazi, ambaye ana miaka 24 na kitambulisho halali. Alikionyesha, akaruhusiwa, akaweka mfuko jikoni bila kujua kilichomo. Basi utaratibu wote wa kuthibitisha umri ulifuatwa sawasawa, na kileo kikamfikia mtoto hata hivyo. Nilikuja kujua baada ya wiki tatu, nilipoikuta chupa tupu ndani ya kiatu chake cha mpira.

Mwezi Julai 2025 serikali, kupitia NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na matumizi mabaya ya vileo na dawa za kulevya, na Wizara ya Usalama wa Ndani, ilizindua sera ya kitaifa ya kudhibiti vileo na dawa za kulevya, inayopendekeza umri wa kununua kileo upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na uuzaji wa vileo kwa mtandao pamoja na upelekaji majumbani upigwe marufuku. Watu walipiga kelele, na serikali ikaeleza kwamba sera bado si sheria. Mimi naiunga mkono. Anayetaka kileo aende mwenyewe akakinunue, watu wamwone. Haya ya kuonekana huwazuia vijana wengi kuliko kitambulisho.

Mkaazi wa Langoni, Lamu

Natoa neno kutoka upande wa pili wa pwani. Huku mzigo hauji kwa bodaboda. Hutoka Mokowe, upande wa bara, kwa mashua hadi kisiwani, hushushwa gatini, kisha hamali au punda huuingiza vichochoroni. Aliyeubeba ananijua mimi, anamjua mama yangu, na anajua hata mwaka ambao nilitahiriwa. Kwake yeye kitambulisho hakina la kuongeza.

Lakini nina hoja nzito kuliko hiyo. Mnazungumza kana kwamba kila mwenye miaka 18 ana kitambulisho. Kwa miaka mingi vijana wetu, hasa Wabajuni wa karibu na mpaka wa Somalia, wamekuwa wakipitishwa mbele ya kamati za uhakiki na kutakiwa kuleta hati za wazazi na wakati mwingine za babu. Mwezi Februari 2025 Rais alitia saini tangazo la kuuondoa uhakiki huo wa ziada katika maeneo ya mpakani, nasi tulishukuru. Hata hivyo, ndugu yangu mdogo mwenye miaka 22 bado anatembea na karatasi ya kusubiria kitambulisho, iliyokunjwa mara nne hadi maandishi yamefifia kwenye mikunjo. Akiagiza wembe, mchele na pakiti ya sigara, na aliyeleta akaikataa karatasi ile, mchele nao urudi? Yeye si mtoto, ila hana kadi.

Karani katika ofisi ya mawakili, Malindi

Kwa ufupi tu. Ibara ya 31 ya Katiba inamlinda kila mtu dhidi ya kudaiwa bila sababu habari zinazohusu familia yake au mambo yake ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya data za watu achukue zile tu zinazohitajika kwa lengo lililotajwa, amweleze mhusika sababu, na asizihifadhi kupita muda unaohitajika. Mhusika ana haki ya kudai zifutwe zile zilizozidi mahitaji, na asiporidhika anaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Picha ya kitambulisho kwenye simu ya mtu binafsi, kwa maoni yangu, ni vigumu sana kuitetea.

Mwalimu mstaafu, Shella, Malindi

Nawashukuru nyote. Nimeyasoma mara mbili, na mawili matatu yamenifanya nirekebishe nilivyokuwa nikifikiri.

Mwanangu wa Maweni, marahaba. Sikukulaumu wewe wala mwenzako, na sasa nakuelewa zaidi. Umeeleza jambo ambalo mimi mteja sikuliona: kwamba duka, ambalo ndilo lenye leseni na ndilo lililopokea fedha zangu, limeutua mzigo wa sheria kwenye mabega ya kijana asiye na mkataba, kisha likamwambia ajikinge kwa kupiga picha vitambulisho vya watu. Hilo si haki kwako kabla hata halijawa si haki kwangu. Kama duka linahitaji kumbukumbu, liandike kwenye risiti kwamba mpokeaji alionyesha kitambulisho saa fulani, nami niweke saini. Hiyo inatosha kuwa ngao yako, na haina namba yangu ndani. Na mteja asiyeonyesha kitambulisho akose bidhaa ile moja, arudishiwe fedha yake, vingine aachiwe. Binti yangu anayeishi Uingereza ananiambia huko ndivyo wanavyofanya. Sheria yao ya kileo ni miaka 18, lakini maduka makubwa humwomba uthibitisho yeyote anayeonekana kuwa chini ya miaka 25, ili dereva asilazimike kubahatisha. Akikosa, dereva huondoa chupa tu na kuacha mboga na mikate. Nao hawana hata kitambulisho cha taifa, hutumia pasipoti au leseni ya udereva, na dereva hukitazama kisha akakirudisha hapo hapo. Binti yangu ana miaka 27 na anasema huombwa karibu kila mara, wala haoni vibaya, kwa sababu hakuna kinachobaki mkononi mwa mtu.

Kwako mama wa Muyeye, pole sana, na nakuombea mwanao. Umenionyesha kwamba kuangalia umri wa anayepokea mfuko si sawa na kujua nani atakayekunywa, na hapo sina jibu la kukutosheleza. Natofautiana nawe katika jambo moja. Hata upelekaji wa vileo ukipigwa marufuku, swali langu linabaki, kwa kuwa sigara zitaendelea kuletwa, na orodha za maduka zitaendelea kukosea kama zilivyokosea kwa siki yangu. Tena tukipandisha umri hadi 21, ile hoja yangu ya kwanza itaanguka: kumiliki kitambulisho hakutatosha tena, itabidi tarehe ya kuzaliwa isomwe na hesabu ifanywe, kizingitini, kwa kila kijana wa miaka 18, 19 na 20. Nami ningekubali isomwe. Ningefunika namba kwa kidole gumba na kuiacha tarehe wazi. Kuhusu haya ya kuonekana, dada yangu, nimeishi Malindi miaka yote hii, na niliowaona wakizuiwa na haya ni wale wa mitaa ya watu wanaojuana. Kwenye majumba ya kukodisha wageni hakuna anayemwonea mwenzake haya.

Ndugu wa Langoni, swali lako kuhusu mchele limenichoma. Karatasi ya kusubiria imetolewa na serikali ile ile, ina jina la mtu anayesubiri haki yake. Mwenye duka hana sababu ya kuikataa kwa pakiti ya sigara, seuze kwa chakula. Marehemu baba yangu hakuwahi kusema kitambulisho, alisema kipande mpaka siku ya mwisho, kwa jina la ile hati ambayo wakoloni waliwalazimisha wanaume wa Kiafrika wenye miaka 16 na zaidi waitembeze shingoni ndani ya kijaluba cha bati, tangu mwaka 1920 hivi. Kila mwajiri aliandika humo alichotaka. Mzee alikuwa mkali sana mtu akimwomba kipande pasipo sababu, na sisi watoto tulidhani ni ukorofi wa uzee.

Namshukuru na karani kwa kunifungua macho kuhusu kufuta. Jumatatu, inshallah, nitakwenda dukani mwenyewe na barua mbili. Ya kwanza inaomba zile picha tatu zifutwe, kwenye simu ya kijana na kwa msimamizi aliyetumiwa, na nijibiwe kwa maandishi. Ya pili inaomba siki iondolewe kwenye kundi la vileo, na wafundishwe vijana kulitaja jambo kwa sauti ya chini, kwa sababu barazani kwa jirani bado sijaulizwa, lakini najua lilivyosikika. Watakachonijibu nitakiandika hapa.

Mwendesha bodaboda, Maweni

Mwalimu, ukifika dukani waulize na kwa niaba yangu. Usiku huu, baada ya kusoma maneno ya karani, nimezihesabu picha za vitambulisho vya watu zilizomo kwenye simu yangu. Ni 43, na nyingine ni za wateja wa mwaka jana. Simu hii huwa namwachia fundi wakati wa kubadilisha kioo, na mdogo wangu huichezea jioni. Hakuna aliyewahi kuniambia nizifanye nini baada ya kuzituma.