Titi kuundwa upya baada ya mionzi

Mama Neema, Dar es Salaam: Habari zenu, ndugu zangu. Niliondolewa titi la kushoto mwaka jana, nikamaliza tibakemikali na mionzi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road. Daktari amenieleza kwamba titi linaweza kuundwa upya, lakini ngozi ya kifuani imekuwa nyeusi na ngumu, na mama mkwe ananiambia nimshukuru Mungu kwa uhai, nisijitafutie kisu kingine. Mliopitia njia hii mnanishaurije?

Bi Zuhura, Mombasa: Pole, dada. Ngozi iliyopigwa mionzi haivumilii vizuri kipandikizi cha silikoni, yaani kifuko kinachowekwa ndani ya kifua kuunda titi, kwa kuwa kovu huweza kukaza na kukibana. Ndiyo maana wapasuaji wengi hupendelea kuhamisha ngozi na mafuta ya tumboni au msuli wa mgongoni, tena baada ya kusubiri miezi kadhaa. Mimi nilichukuliwa tumboni. Kidonda cha tumbo kilinitesa kuliko kifua, nikawa natembea nimeinama, na hisia za ngozi hazijarudi zote. Hata hivyo, sijuti.

Mwalimu Rehema, Moshi: Mimi nilibaki bapa, navaa titi bandia ndani ya sidiria. Lisipolingana uzito na titi lililobaki, bega huvutwa.

Mama Neema: Ahsanteni. Tumbo langu lina kovu la upasuaji wa uzazi, je, halitanizuia?

Bi Zuhura: Si lazima. Mpasuaji huagiza picha ya mishipa ya damu ya tumbo kabla ya kuamua.